Babu Ndani ya Friza

Jumatatu, 3 Machi

Mhifadhi wa nyaraka amekuja. Amekaa sebuleni kwetu na glavu nyeupe kama anayetaka kumpasua mtu. Jumatatu ijayo anachukua karatasi zote za marehemu Babu: miswada ya nyimbo, risiti, barua. Zitahifadhiwa milele, maana Babu alikuwa mtunzi mkubwa. Nyimbo zake zinaimbwa nchi nzima, hata na wasiojua kuimba.

Binamu yangu, binti wa shangazi, kaleta barua alizoandikiwa na Babu. Fungu zima! Na utepe! Mhifadhi akamfungulia jalada lenye jina lake. Kisha akaniuliza mimi nina zipi. Nikatazama viatu vyangu.

Babu hakuniandikia hata mstari. Aniandikie nini? Nililala chumba cha pili. Akinitaka, aligonga ukuta.

Binamu akasema pole, labda Babu alikuwa na shughuli nyingi. Pole yake aimeze.

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Barua ya Babu nitaiandika mwenyewe. Mwandiko wake nauweza. Macho yake yalipofifia, yeye alipiga kinanda, mimi nikamwandikia noti na maneno, mpaka nikaanza kukunja herufi kama yeye. Lakini hizo ni nyimbo zake. Mimi nilikuwa kalamu tu. Haihesabiki.

Nimeandika: “Mjukuu wangu mpendwa kuliko binamu zako wote.” Halafu yale ya barua za shuleni, natumaini u mzima wa afya. Halafu nimeandika kwamba nyumba hupoa sana ukiwa darasani. Hapo nikalia kidogo. Mjinga mimi, nalizwa na barua yangu mwenyewe!

Nimeipaka chai ionekane kuukuu. Nimeichomeka kwenye sanduku la karatasi za Babu, katikati ya nyimbo za mwisho, zile nilizomwandikia.

Jumatano, 5 Machi

Sisimizi!!! Ile ilikuwa chai ya Bibi, yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Mstari mweusi kutoka dirishani hadi sandukuni, wamejipanga kuliko sisi kwenye paredi ya shule.

Mhifadhi alikaribia kuzimia. Akafunga sanduku kwenye plastiki, akasema liingie friza mpaka Jumamosi, wadudu wafe. Nyama yote imehamia kwa jirani.

Bibi akawaka. Mume wake huyo alivaa sweta hata jua la mchana, leo anatiwa kwenye barafu? Akaenda chumbani, akarudi na sweta lenyewe, akalifunika sanduku. Binamu akacheka. Mhifadhi hakucheka. Alisema vizuri, mama, litazuia unyevu.

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Jumamosi, 8 Machi

Sanduku limetoka. Barua imeonekana. Mhifadhi akaisoma kwa sauti, binamu akanuna, mimi nikajificha nyuma ya pazia nikijifanya nalikunja.

Bibi akacheka mpaka akafuta macho. Akasema mwanamume yule alimposa kwa maneno mawili, “Haya, twende,” hayo matamu yote angeyatoa wapi?

Mhifadhi akaiweka barua kando ya nyimbo za mwisho, akainama na kioo chake cha kukuzia. Akasema mwandiko ni mmoja, na si ule wa miswada ya zamani. Nyimbo hizi pia hakuziandika Babu kwa mkono wake. Basi ni nani huyu aliyekaa naye mpaka mwisho? Huyu ni mtu muhimu sana, lazima ajulikane.

Bibi akanitazama. Akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Nikikubali nyimbo, nimekubali barua! Nikasema sijui.

Bibi akaomba barua, kwa kuwa haina mwenyewe. Jioni akaniita nimsomee pale pa nyumba kupoa. Kisha tena, polepole. Alinishika mkono tu, ule wa kuandikia.

Jumatatu, 10 Machi

Gari limeondoka. Kabla ya hapo nilichungulia majalada. Binamu analo. Risiti za fundi wa kinanda zinalo. Na moja nene, jipya: “Mwandiko wa pili. Mtu asiyejulikana.”

Hata asiyejulikana ana jalada! Mimi sina!

Nilimwonea wivu mchana kutwa.

Lakini si mwisho. Keshokutwa mhifadhi anarudi kumrekodi Bibi akisimulia maisha yao, na sauti hiyo nayo itahifadhiwa milele. Bibi amesema niketi karibu yake. Kuongea mbele ya watu siwezi. Ila nitakohoa. Mara moja, Bibi akivuta pumzi. Binamu hatakuwepo.

Nimeanza mazoezi. Kikohozi cha kifuani kinatisha. Cha puani hakina heshima. Natafuta cha katikati, ambacho mtu akikisikia baada ya miaka mingi atajua tu kilikuwa changu.