Kufuta Kivuli cha Lola Salome

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimetukanwa kwa upole, na hakuna tusi baya kama hilo. Manang Visitasyon aliingia studioni na bahasha ya picha za ubatizo nilizompigia mwezi jana. Akazipanga mezani moja moja, taratibu, kama mtu anayecheza karata na anajua atashinda. Akauliza, hiki nini. Nikamwambia ni mama wa ubatizo. Akasema mama wa ubatizo anamwona, anauliza hiki cheusi ubavuni mwake, mbona kama amebeba gunia la mchele. Nikasema ni kivuli. Akasema, kumbe Teryo unakijua.

Hawana shukrani watu hawa. Ukiilaza kamera, flashi inakaa juu. Ukiisimamisha, flashi inahamia kando, na kivuli kinarukia upande wa pili ukutani. Kosa langu liko wapi hapo? Wangejenga nyumba zisizo na kuta.

Jumamosi mama yake, Lola Salome, anatimiza miaka themanini. Bibi huyu anataka picha moja tu: amesimama, peke yake, ya kuwekwa juu ya jeneza lake siku ikifika. Dada yake alizikwa na picha ya kitambulisho, jicho moja limefumba, na Lola hajasamehe hadi leo. Manang Visitasyon akanipa sharti. Mama akitoka na gunia, harusi ya binti yake ya Desemba anampa Crisanto.

Crisanto! Juzi tu alikuwa anauza vifuniko vya simu sokoni. Sasa ana studio inayotazamana na yangu, na kioo chake anakisugua kila asubuhi ili kinichome macho. Marehemu baba yangu alipiga harusi zote mbili za Lola Salome, akapiga na mazishi ya waume zake wote wawili. Ukoo ule ni urithi wangu. Siuachii kwa muuza vifuniko.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda Iloilo mjini kutafuta mkono wa flashi, yaani kile chuma kinachofungwa kwenye kamera ili flashi ikae mbali na lenzi. Msichana wa dukani alinionyesha aina mbili. Wa kwanza ni mkono wa kawaida, unaiweka flashi kando. Wa pili una kiungo kama cha kiwiko: ukisimamisha kamera, flashi unaizungusha inabaki juu ya lenzi, na kivuli kinaanguka chini nyuma ya mtu, hakionekani. Akasema kwa picha za sherehe nichukue huo. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba mpiga picha mmoja wa mji wetu alinunua kama huo na amefurahi sana.

Nilijua ni nani. Nikaurudisha mezani palepale. Nikamwambia sijaja kununua furaha za watu.

Isitoshe, kivuli hakifichwi nyuma ya mtu kama mwizi. Kinafutwa. Hili nililipata nikiwa nakula bakuli la batchoy, mchuzi moto hadi akili ikafunguka. Flashi ya kushoto inatupa kivuli kulia. Je, nikiweka flashi ya pili kulia? Itamulika palepale kivuli kilipo, kitakufa. Mikono miwili, flashi mbili, kivuli hakuna. Nashangaa hakuna aliyelifikiria. Halafu sishangai, maana nawajua wapiga picha wenzangu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemwagiza Ambo, mchomeleaji wa nyuma ya kanisa. Nilimchorea mkono wenyewe: kipande cha chuma katikati, kulia mkono, kushoto mkono, kila mmoja urefu wa fimbo ya mwalimu mkuu. Ambo aligeuza mchoro juu chini, akauliza kama ni msalaba au ni kitu cha kuanikia nguo. Nikamwambia achomelee, asifikiri. Akasema sawa Manong, kaka mkubwa, kufikiri huwa anatoza zaidi.

Alitumia mabaki ya nondo za dirisha. Ni mzito. Vitu vya maana ni vizito.

Jioni Crisanto akavuka barabara. Akaukuta mkono wangu mezani, akauzunguka kama anayekagua ng'ombe mgonjwa. Akauliza taratibu kama nimeujaribu mbele ya ukuta. Kisha akasema ana mkono wa ziada, ule wa kiwiko, haumfai kitu, niutumie Jumamosi na nimrudishie nikitaka. Akauacha juu ya kiti.

Huyu mtu ni nyoka. Anataka picha ya Lola ipigwe kwa chuma chake ili kesho asimulie sokoni. Felisa, mke wangu, akamshukuru na kumpa suman mbili za ndizi, zile keki za mchele za kufungwa kwa majani. Mke wangu mwenyewe! Kikulacho ki nguoni mwako.

Ule mkono nimempa Felisa autundikie samaki wa kukausha.

Ijumaa, 10 Mei

Jaribio. Nilimsimamisha Felisa katikati ya uwanja, nyuma yake kuna shamba la mpunga hadi mwisho wa macho. Flashi zote mbili zikalipuka, kuku wakatawanyika. Nikaitoa picha kwa mashine yangu ndogo ya studioni: kivuli hakuna. Hata chembe.

Felisa akasema kivuli kingeangukia wapi, kwenye mpunga? Akanitaka nimpige tena mbele ya ukuta mweupe wa jikoni. Nikamwambia fundi hajaribu kitu mara mbili, anayejaribu mara mbili hajiamini. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda kugeuza samaki wake. Ni mwanamke mzuri, lakini sayansi hakupewa.

Jumamosi, 11 Mei

Ushindi. Shingo imepinda, siwezi kutazama kushoto, lakini ushindi.

Nyumba ya Lola Salome ilijaa hadi barabarani. Vibendera vya sherehe vilifungwa kila mahali, chini chini, na mikono yangu ilivikusanya vyote. Nilitembea na kamba ya vibendera nyuma yangu kama bibi harusi. Mlangoni ilinibidi niingie ubavu. Kwenye meza ya chakula niligeuka kidogo tu, flashi ya kulia ikamng'oa sikio yule nguruwe wa kuchoma. Jirani mmoja akasema afadhali, sikio ndilo analolipenda, akalitafuna.

Crisanto alikuwepo, kama mgeni, amekuja mikono mitupu kula tambi za watu. Dada watatu wa marehemu mume wa pili walijipanga wapigwe picha. Sasa, watu watatu huku kwetu hawapigwi pamoja, maana anayekaa katikati ndiye anayetangulia kufa. Mtoto mchanga anajua. Nikaita wa nne aongezeke. Nani akachomoka na sahani mkononi? Crisanto. Akasimama pembeni, akatabasamu na meno yote. Picha yangu nzuri kuliko zote za siku, naye yumo.

Kisha Lola Salome. Alitoka na gauni lake la nyuzi za nanasi, mikono ya gauni imesimama mabegani kama mbawa, na pepeo mkononi. Mdogo, mkavu, mkali. Akachagua mwenyewe pa kusimama: ukuta mweupe wa sebule, uliopakwa chokaa kwa ajili ya siku ile. Alipoona mikono yangu ya chuma akauliza kama nimekuja kumpiga picha au kumsulubisha. Watu wakacheka. Nikamwomba atulie. Akasema alishatulia tangu mwaka juzi, anayehangaika ni mimi. Halafu akashusha sauti, akaniambia nisimharibie. Nyingine hatapiga.

Nikabonyeza. Chumba kizima kikawa cheupe. Hakuna haja ya kutazama kioo cha kamera, kimepasuka tangu Noeli, na fundi anajua alichopiga. Wageni nao wakapanga foleni, mmoja mmoja, ukuta uleule, hadi Kapitan wa kijiji na fulana yake mpya. Crisanto peke yake hakupanga foleni. Wivu haumwachi mtu asimame.

Jumatatu, 13 Mei

Bahasha imefika kutoka kwa wasafisha picha wa mjini, maana mashine yangu hutoa picha ndogo tu. Imefungwa. Sikuifungua. Mpishi hodari haonji. Nikaenda nayo hivyohivyo kwa Manang Visitasyon, nimechana nywele.

Alitoa picha ya kwanza, akajishika kifua. Akatoa ya pili, akafanya ishara ya msalaba. Ya tatu hakuimaliza, akakaa chini. Akaniita Teryo, mwana wa mtu mwema, akauliza nimewafanya nini. Nikachukua picha ya Lola.

Lola ametoka vizuri. Macho yote mawili wazi, pepeo limetulia. Lakini ukutani, kulia kwake, amesimama mtu mweusi. Na kushoto kwake, mtu mweusi mwingine. Watatu. Lola katikati.

Nikageuza nyingine. Kapitan, katikati. Mwalimu wa kwaya, katikati. Jirani aliyetafuna sikio, katikati, na bado anatafuna. Kila aliyesimama peke yake nimemweka katikati ya watatu. Manang Visitasyon akasema ninaua kijiji kizima kwa siku moja, hata kipindupindu kilikuwa na huruma.

Nikaeleza kwamba kosa ni la chokaa. Ukuta mweupe mno. Akanionyesha mlango.

Habari ilinitangulia nyumbani. Kapitan amejifungia ndani, hataki hata kupanda ngazi. Mwalimu wa kwaya amepeleka mishumaa kanisani. Crisanto alinipita barabarani, akainamisha kichwa kama kwenye msiba.

Jumanne, 14 Mei

Lola Salome ameniita. Mwenyewe. Nilikwenda nikiwa nimeandaa maneno kuhusu chokaa.

Walikuwa wamemficha picha tangu jana. Akaikuta chini ya godoro la Visitasyon, maana kila kitu katika nyumba ile hufichwa hapohapo. Alikuwa amekaa dirishani ameishika kwa mikono miwili. Binti yake analia, wajukuu wametoa macho. Akaniambia nikae. Sikukaa.

Kisha akaweka kidole kwenye kivuli kipana, akasema huyu ni Anselmo, mume wa kwanza, tumbo lilelile. Akahamisha kidole kwenye kile chembamba, akasema na huyu ni Pidyong, wa pili, hata kwenye picha hawezi kusimama wima. Wamekuja wote wawili, na hawagombani. Tangu Pidyong afe, akasema, hajawahi kuwaona wote kwa siku moja, hata ndotoni wanakuja kwa zamu.

Manang Visitasyon akashindwa kujizuia. Akasema, mama, wewe ndiye uliye katikati, wewe ndiye utakayetangulia. Lola akamtazama kama anavyomtazama mtu aliyemwaga wali. Akasema:

“Nitatangulia vipi, mjinga wewe, na hawa wameshakufa?”

Lola akaipangusa picha kwa pindo la nguo, akaagiza ikuzwe, iwekwe fremu, isubiri jeneza. Akasema siku ile hatakuwa peke yake juu ya lile sanduku. Nikatazama sakafu.

Nikaona upepo umegeuka. Nikauliza basi, harusi ya Desemba tuiweke saa ngapi. Lola akasema harusi apewe Crisanto. Nikauliza kwa nini, na picha ameipenda. Akasema ameipenda yeye, mjane mara mbili. Mjukuu wake ni bibi harusi, bado hana marehemu, anamtaka asimame na mume mmoja, tena aliye hai.

Wivu umefika hadi kwa wazee.

Ijumaa, 17 Mei

Nimelala kitandani siku mbili, nikafikiri, nikaamka na akili mpya. Harusi ni za kina Crisanto. Mimi nimegundua kitu kikubwa zaidi. Mji huu una wajane wengi kuliko maharusi, na hakuna anayewapiga picha! Niliandika ubao mlangoni kwa rangi nyekundu: PICHA NA MPENDWA WAKO MAREHEMU. Felisa alisoma, akauliza mjane mwenye marehemu mmoja nitamfanyaje. Nikamwambia asilete maswali ya jikoni studioni.

Kizuri chajiuza. Asubuhi hiihii akaja mjane wa Manong Isko, mama mnyenyekevu, kilemba cheusi, hakosi misa. Nikamsimamisha mbele ya ukuta. Flashi mbili. Hii nilimtolea picha papo hapo, kwa mashine yangu, ili alie akiwa kwangu.

Hakulia. Aliitazama, akahesabu kwa macho kulia na kushoto. Kulia akamkubali, akasema ni Isko wake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo huyu wa kushoto ni nani. Bahati mbaya kulikuwa na foleni. Yule jirani mla sikio akachungulia begani kwake, akasema mbona kama anamfahamu, mbona mabega kama ya yule dereva wa jeepney. Mjane akageuka akanizaba kofi, kisha akamzaba na jirani, akaondoka na picha ameikunja mara nne. Foleni yote ikamfuata, kwenda kuona anaelekea wapi.

Saa sita mchana mji mzima ulikuwa unajua. Dereva wa jeepney naye amekuja kunitafuta. Niko chini ya meza ninapoandika haya.

Felisa ameung'oa ule mkono wa kiwiko wa Crisanto kutoka kwenye samaki, ameuosha kwa sabuni, ameuweka mezani juu ya kichwa changu. Unanuka. Sijaugusa.

Tatizo limeonekana wazi, na ni dogo. Flashi ya kulia inafuta kivuli cha ile ya kushoto, ya kushoto inafuta cha ile ya kulia, lakini zote mbili zimechoka kwa kufanya kazi mbili. Inahitajika ya tatu, katikati, ya kuzisaidia. Dereva akishaondoka naenda kwa Ambo. Mkono wa tatu lazima uwe tayari Jumapili, kwani Kapitan amekubali hatimaye kupigwa upya, ila kwa sharti moja, asionekane yuko katikati ya watatu. Nimemwapia kwa kaburi la baba yangu kwamba hawatakuwa watatu.