Waliingia Kuku Saba, Akatoka Jogoo

Kwa Mheshimiwa Fundi wa Kompyuta, ambaye pia ni mjukuu wangu,

Umekaa huko mpaka kiti chako hapa kimechukuliwa na paka. Simu unapiga, sikatai, lakini simu haimenyi vitunguu. Mimi shule sikuiona hata dirisha lake, kwa hiyo nasema na mama yako anaandika. Ukikuta mahali pamelainika, ujue ni yeye. Ongeza ukali mwenyewe.

Kwa heshima na taadhima naleta malalamiko juu ya ile programu uliyonitengenezea ya kuwatunza kuku wangu.

1. Uliniketisha sebuleni ukaniuliza jina, rangi na tabia ya kila kuku. Ukasema mashine itamgeuza kila mmoja kuwa maandishi, alale kwenye faili, na siku nikimtaka atarudi vilevile alivyo. Nikakubali, maana kuku wangu wanachanganyika na wa jirani, yule fundi cherehani, na mwenzangu huyo hana haya. Waliingia kuku saba. Tulipofungua, akatoka Jeuri, yule jogoo, peke yake. Mama yako anasema kila ulipohifadhi kuku mpya, faili lilianza upya na kumfuta aliyetangulia. Mjukuu wangu, mimi nimelaza watoto wengi kitanda kimoja, na sikumwangusha wa kwanza ili wa pili apate nafasi.

2. Fundi cherehani alichungulia mashine, akacheka, akasema, "Bibi, kumbe una jogoo tu. Basi yule tetea Madoa ni wangu." Nikamjibu kwamba akimgusa Madoa atashona kwa mkono mmoja.

3. Kama asiyehifadhiwa hayupo, mashine inieleze kinyesi kilicho kwenye mkeka wangu ni cha nani.

4. Nimefikiri, nikaona kichwani mwako pia mna faili la namna hiyo. Ulikuwa na bibi. Kikaingia chuo, bibi akafutika. Ikaingia kazi, chuo kikafutika. Siku hizi nikikufungua anatoka bosi wako tu: bosi kasema, bosi kakohoa.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote nilio nao, ambao si mwingi, urejeshwe hapa mzima mzima: miguu, macho, na huo mdomo. Uje na binamu zako kwa safari moja. Mkija mmoja mmoja, kila anayefika ananikuta namsindikiza aliyemtangulia, na mimi sijapata kuwaona wote mezani. Mchezo huohuo ndio uliowapoteza kuku.

Nisalimie wote: bosi, mwenzako wa chumba anayekoroma, na hata mashine, ingawa haistahili.

Wako katika ujenzi wa banda,
Bibi yako

Nyongeza: Mama yako ananikumbusha kwamba dawa ulishamweleza kwenye simu. Kawaweka kuku wote kwenye orodha moja, kaihifadhi orodha mara moja, kafunga, kafungua. Wametoka wote saba, na Madoa yumo na madoa yake. Fundi cherehani kaona kwa macho yake, kaenda zake. Basi sina malalamiko yoyote, na mashine ni nzuri. Barua naituma hivyohivyo. Madoa anaatamia mayai kwenye mlango wa mbele, na vifaranga sitaki waandikwe kabla hujawaona. Ukija, pitia mlango wa nyuma, na ukanyage polepole.