Kiko cha Mwalimu Sakazume

Jumatatu, 8 Novemba 1971
Mvua. Wateja: hakuna. Mchana kaingia Mama Isoe, mjane wa marehemu Mwalimu Sakazume aliyenifundisha biashara hii ya vitu vya kale. Kaleta kiko cha marehemu. Paa lake linavuja, na theluji ya mji wetu wa Kanazawa haina subira. Anataka kujua, akikiuza, atapata cha kumlipa fundi? Nikakishika. Kichwa na mdomo ni fedha tupu, wamechongwa korongo wawili, kazi ya miaka mia na hamsini! Moyo ukaruka. Nikamwambia ni bati la kupakwa, sokoni vinauzwa kwa mafungu. Alinishukuru. Kaniachia na achari ya figili aliyoitia chumvi mwenyewe. Nimeimaliza yote. Nasikia haya.

Jumanne, 9 Novemba
Nimekwenda kwake. Ndoo tatu sebuleni zinakinga maji. Nikasema nitampunguzia mzigo kwa yeni mia tano, kwa ajili tu ya kumbukumbu ya mwalimu. Akasema kumbukumbu haiuzwi, nichukue bure. Bure! Hapo ndipo ningesema kweli. Badala yake niliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, nikaondoka upesi asije akaghairi. Aibu gani hii? Nyuma yangu nilisikia ndoo, tok, tok, tok.

Jumatano, 10 Novemba
Balaa! Leo kumetoka jua, nimekichunguza. Fedha ni kuukuu, sawa. Lakini bomba la mwanzi lililo katikati halijatimiza mwaka! Basi kiko ni bandia. Marehemu aliuziwa mbuzi kwenye gunia, na mimi nimejidhalilisha kwa kitu cha bandia. Kuhusu mabomba ya mwanzi mwalimu alinipa somo zima, nakumbuka. Nakumbuka pia kwamba nilisinzia. Haidhuru. Nimelichemsha bomba kwa majani ya chai na mchuzi wa soya, kisha nikalifukiza juu ya mkaa. Limetoka jeusi, la kizee, lenye heshima zake. Hodari mimi!

Alhamisi, 11 Novemba
Siku ya mnada wetu wa wafanyabiashara. Tunakaa duara mikekani, kitu kinapita kwenye sinia, mkono hadi mkono. Kikamfikia Tatebe, mwenye duka mkabala na langu, ambaye msiba wangu ndiyo sikukuu yake. Akanusa. Akawauliza wenzake kiko hiki ni cha kuvutia tumbaku au cha kulia wali. Kicheko!

Mzee Kuroiwa, mkuu wetu, hakucheka. Akasema hata kichaa anajua mwanzi huziba kwa masizi, mvutaji hubadilisha bomba kila mara. Umri wa kiko husomwa kwenye fedha. Bomba jipya si kasoro. Kisha akawaona wale korongo. Akasema hiki ni cha Sakazume, na bomba hilo yeye Kuroiwa ndiye aliyemtilia marehemu, Mwaka Mpya huu. "We Fumiyoshi, umekipataje?"

Nilitamani mkeka upasuke unimeze. Nikasema yote, Tatebe akisikia! Mzee akakinunua kwa bei ya haki, yeni laki moja na themanini elfu, akanikabidhi bahasha. Sharti moja: nimpelekee Mama Isoe mimi mwenyewe, na maneno yatoke kinywani mwangu.

Ijumaa, 12 Novemba
Nimemwambia. Niliongea na mkeka, macho sikuweza kuyainua. Mama Isoe akaendelea kumenya figili. Akasema alijua tangu Jumatatu. "Fedha ile nimeisugua miaka arobaini, mwanangu, leo uniambie bati?" Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza, na paa linavuja. Akasema binadamu akiona kizuri huteleza, hiyo ni siku ya kwanza. Kiko alinipa ili nione haya, niseme kweli. Kweli ya siku ya pili ingetosha kabisa. Hakunifokea. Afadhali angenizaba kofi! Nimerudi nyumbani nikilia, mwavuli nimeukumbatia badala ya kuufungua.

Jumapili, 14 Novemba
Jana nzima nilikuwa mbele ya picha ya mwalimu. Nimeapa: uongo, basi! Asubuhi hii kaja mzee wa shamba na mfuko wa tumbaku. Kifungo chake ni pembe ya ndovu, kachongwa sungura mpaka masharubu. Akauliza kina thamani gani. Nilifungua mdomo niseme kweli, Mungu shahidi. Nikausikia ukisema ni mfupa wa ng'ombe. Masikio yaliniwaka moto kwa aibu. Lakini sikukinunua! Nimemwambia arudi kesho. Nitamwambia kweli kesho, maana Mama Isoe mwenyewe kasema siku ya pili inatosha.