Nguruwe wa Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 12 Mei

Cheo cha mkuu wa Hisabati kiko wazi. Ni changu! Miaka kumi na tisa nafundisha hapa kisiwani Vava'u, kiunoni nimejifunga mkeka uleule, vazi letu la heshima, hadi umechakaa. Sasa mwalimu mkuu, Siaosi, anataka tushindane: mimi na Lupe, binti aliyerudi juzi kutoka Auckland. Ijumaa kila mmoja atafundisha milinganyo miwili ya x na y, kwa njia ya kubadilisha. Mbele ya wazazi! Imeniuma.

Jumanne, 13 Mei

Mpango tayari. Nimechagua swali moja, darasa zima limelikariri mpaka pa kuvuta pumzi. Lupe kaniuliza kama tuandae pamoja. Nikamwambia nilianza kufundisha yeye akinyonya. Akacheka. Sipendi anavyocheka.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeficha chaki zote. Lupe akafundisha kwa kalamu na makaratasi ya ukutani. Wanafunzi wakampigia makofi. Makaratasi!

Ijumaa, 16 Mei

Balaa. Siaosi kalikataa swali langu. Kasema bandani kwake kuna kuku na nguruwe, vichwa 20, miguu 56. Nguruwe wote watachinjwa kwa karamu ya kanisa, ni wangapi? Mtu na banda lake, hajui!

Nikaandika: kuku x, nguruwe y. x + y = 20. 2x + 4y = 56. Kutoka ule wa kwanza, x = 20 − y. Safi. Nikaichomeka humohumo kwenye wa kwanza. 20 = 20! Nikapiga mistari miwili chini yake, nikageuka kungoja makofi.

Kisha Malakai wa dawati la nyuma: "Sasa mwalimu, tuchinje ishirini sawa na ishirini?" Hata mke wangu alicheka.

Lupe akaichomeka kwenye mlinganyo wa miguu. Nguruwe wanane. Dakika mbili tu, na cheo kikaenda.

Jumapili, 18 Mei

Karamuni Lupe kanisogezea paja la nguruwe, akasema taratibu kwamba x ukiirudisha ulikoitoa hupati kitu kipya, lazima utumie na mlinganyo wa pili. Ananifundisha mimi! Nimelila hilo paja kwa uchungu.

Leo Jumapili, hapa kisiwani kufanya kazi ni mwiko, kwa hiyo nimejifungia chumbani kuandika rufaa kwa wizara. 20 = 20 ni uongo? Akane nani? Na kwa kuwa wanautaka mlinganyo wa pili, nimewapa. 2x = 56 − 4y, nikairudisha humohumo. 56 = 56! Sasa nina ushahidi mara mbili.