Alama Nyekundu kwenye Misonobari ya Baba

Jumatatu, 3 Machi
Bei ya msonobari imepanda tena. Wiki ya nne mfululizo! Nimeichora kwenye chati yangu, nyuma ya kalenda ya zamani. Mstari umefika ukingoni, itabidi nigundishe karatasi nyingine. Dada haoni cha kufurahia. Amesema chati haiezeki nyumba. Chumba cha mama kinavuja mahali pawili, mvua zinakaribia, miti aliyotuachia marehemu baba imekomaa, basi tuuze tununue mabati. Mama amekubali kwa sharti moja, mti wa getini usiguswe. Ndio wa kwanza baba kuupanda, na chini yake ndipo mama anapoweka kiti chake kila asubuhi. Nimemwambia asiwe na shaka, mimi nipo.

Jumanne, 4 Machi
Mnunuzi amekuja. Wanamwita Bwana Futi kwa sababu futi yake haimtoki kiunoni. Amepima unene wa miti usawa wa kifua, akataja bei. Dada akanikanyaga mguu chini ya meza ili nikubali. Nimekataa. Chati inasema tungoje wiki mbili. Bwana Futi amesema atapita Jumamosi, ila anaiangalia pia miti ya jirani yetu, Mwalimu mstaafu. Miti ya Mwalimu! Imepinda yote, hata kwa kuni utambembeleza mtu aichukue.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata akili. Kila mnunuzi ana rangi yake, na akishauwekea mti alama, mwenzake hausogelei. Bwana Futi hutumia buluu. Nimenunua kopo la nyekundu. Kutwa nzima nimepaka, mti kwa mti, mstari mmoja usawa wa kifua. Aone kuna mwingine anaitaka, roho imuume, apandishe bei. Nimeupaka hata wa getini. Ungebaki peke yake bila alama angeshtuka. Bega linauma. Mama ameuliza nyekundu hiyo ni ya nini. Nimemjibu ni dawa ya mchwa. Amenishukuru.

Jumamosi, 8 Machi
Bwana Futi hakuvuka hata geti. Ameona nyekundu, amenipa hongera, kumbe nimeshauza. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, kwamba bado tunaweza kuzungumza. Akasema hapana, yeye hagusi mti wenye alama ya mwenzake, ameshaona watu wakishikiana mapanga kwa jambo hilo. Akanipa mkono, akaingia kwa Mwalimu. Kufika saa nane mchana miti ya Mwalimu yote ina buluu, iliyopinda na isiyopinda. Mwalimu amenipungia mkono kutoka kwenye uzio wake. Nilijifanya natafuta kitu kwenye majani.

Ijumaa, 14 Machi
Bei imeshuka. Kila mwenye miti anauza kabla barabara hazijaharibika, magogo yamerundikana viwandani hadi nje. Sina hamu ya kula. Dada amepitisha kidole kwenye alama, akaniuliza mnunuzi wa nyekundu ni nani na anakaa wapi. Amesema hana nguvu za kugombana na mimi, ila niukwangue mti wa getini leo hii. Nimemwambia nitaukwangua. Lakini ilibidi kwanza nirekebishe chati.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua imeanza. Kitanda cha mama tumekivutia sebuleni, chumbani tumeacha beseni mbili. Mama anakunja blanketi zilizolowa. Nimeona aibu. Nimemfuata Bwana Futi kwake, nikamweleza kuwa yule wa nyekundu amejitoa. Akaguna. Bei yake mpya inazidi kidogo tu nusu ya ile ya kwanza. Mkataba ni ukurasa mmoja, unasema miti yote yenye alama nyekundu. Nimesaini upesi asije akabadili mawazo.

Jumatano, 19 Machi
Wakataji wamefika saa moja asubuhi. Nilikuwa ndani na chati yangu. Nikasikia msumeno wa mashine, nikafurahi. Kisha nikaona unalia karibu mno.

Wameanza na mti wa getini. Ndipo lori linaposimama vizuri, na una alama. Nilipotoka ulikuwa umeshalala chini. Msimamizi wao akanionyesha mkataba, kidole chake kwenye neno nyekundu. Mama alikuwa amesimama pembeni, kiti mkononi, hajui akiweke wapi. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama ile dawa ya mchwa ndiyo imeuua. Afadhali angenizaba kofi. Nimejifungia chooni nikalia mpaka Dada akagonga mlango.

Jumanne, 25 Machi
Mabati yametosha chumba cha mama tu. Sebule inangoja. Dada hasemi nami, akiwa na neno anamwambia mama, mama ananiambia mimi, nami nimekaa palepale. Bei imeanza kupanda tena. Sikumwambia mtu.

Mama ameomba nipande mti mwingine getini. Nimeupanda leo, kando ya kisiki, mche usiozidi penseli. Mama amesogeza kiti chake karibu nao, ingawa hauna kivuli. Nimepiga hesabu. Miaka kumi na minane, na wakati huo bei itakuwa kileleni.

Jioni Bwana Futi amepita na lori lake, akapunguza mwendo, akautazama mche. Sikupenda alivyoutazama. Rangi ilibaki nusu kopo. Nimeupaka kidogo tu, kwa ncha ya brashi, ili ajue una mwenyewe.