Bunduki Yangu Imelala Bohari Kwenu

Kwa Meneja,
Vifurushi vya Nyanda za Juu,
Tawi la Dry Willow, Montana.

Mheshimiwa Meneja,

YAH: BUNDUKI YA MTU MAARUFU KUNYIMWA NJIA

Natumai hujambo. Anayekuandikia ni Verlin Stukey mwenyewe, ambaye nikikohoa tu mlimani, kulungu wa kata tatu wanahama na watoto wao. Serikali ingekuwa na akili ingenilipa mshahara.

Jumamosi msimu wa kuwinda unafunguliwa. Mpwa wangu Tessa amerudi kutoka chuoni, awinde kwa mara ya kwanza, na nimemwahidi bunduki ya marehemu babu yake. Ilikwenda kwa fundi kule Idaho kubadilishwa kitako, na sasa imelala bohari kwenu. Isipofika, Tessa ataenda na Royce, baba yake mdogo, mtu anayewinda kwa kupiga honi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya kuituma kwa fundi, karani wako Bi. Lorna alitaka kujua kama ina risasi, na kama fundi ana leseni. Aniulize mimi! Nikamwambia, "Dada, unamuuliza samaki kama anajua maji?" Akajibu, "Samaki hana bunduki, Bwana Verlin. Fungua tuone." Watu kwenye foleni wakacheka, na mimi nikafungua.

2. Eti nje ya sanduku pasionekane kwamba ndani kuna bunduki, wezi wasije wakajua. Nilikuwa nimechora kulungu amelala chali, chini nikaandika BUNDUKI YA VERLIN, PISHENI. Bi. Lorna akalifunika lote kwa karatasi ya kaki. Nikalia, "Sasa linafanana na taa ya mezani!" Akasema, "Ndicho tunachotaka." Mwizi gani wa Montana angegusa kitu chenye jina langu?

3. Jumanne dereva aliileta hadi mlangoni. Tessa akatoka kuipokea, akakataliwa, kwa kuwa ana miaka kumi na tisa na anayesaini lazima awe na ishirini na mmoja. Msichana anapiga kura, anaendesha trekta, anakama ng'ombe anayepiga mateke, halafu kalamu ndiyo imshinde? "Pole, mwite mkubwa," akaambiwa. Mkubwa hakuonekana. Bunduki ikarudishwa bohari.

Kwa hiyo naomba Ijumaa iletwe na gari lake peke yake, taa zikiwaka, imekaa kiti cha mbele na imefungwa mkanda. Mkishindwa nitatangaza kanisani na kwenye mnada wa ng'ombe kwamba mnambeba Royce.

Msalimie Bi. Lorna, wapakiaji wote, na mkeo kama unaye.

Mimi mteja wenu ninayewavumilia,
Verlin Stukey

N.B. Tessa ameisoma hii na amegoma kuipeleka mpaka niongeze maneno. Ile Jumanne mkubwa alikuwepo. Nilikuwa nimepaka masharubu dawa ya kuyatia weusi, kwa ajili ya picha ya Jumamosi, yakatoka zambarau. Na dereva wenu ni Marlys, mwanamke niliyesoma naye. Nikajibanza nyuma ya friji. Ijumaa nitafungua mlango mwenyewe, kitambulisho mkononi, nisaini. Rangi bado haijatoka. Tafadhali mwambieni Marlys asicheke mbele ya mtoto.