Jopo la Kuchunguza Neno "Soon"

Kwa furaha kubwa na unyenyekevu wa kiofisi, Kurugenzi ya Ahadi za Maji, yenye makao yake makuu mjini Lodwar, inautangazia umma kwamba neno "soon" sasa lina maana. Mimi nilikuwa Katibu wa Jopo lililoitafuta maana hiyo, na wanaosema tulizurura bure nawasamehe kwa niaba ya serikali.

Chanzo cha kazi yetu ni mama mmoja mfugaji, Nakiru, wa kijiji kidogo nje ya Lorugum. Pampu ya kisima chao iliharibika, mbuzi wakaanza kufa, akaja ofisini kuuliza itatengenezwa lini. Mkurugenzi wetu, Bwana Kipngeno, akamjibu kwa ukarimu: "Soon." Alitumia Kiingereza kwa sababu Kiswahili ukikisema ofisini watu wanakuelewa.

Mwingine angeshukuru akaenda zake. Nakiru alikaa chini.

"Soon ni leo?"

"Si lazima iwe leo."

"Ni kesho?"

"Mama, soon ni soon."

"Mbuzi yangu haijui hiyo. Niambie mimi, nitaambia yeye."

Mkurugenzi ni mtu makini. Pampu mpya ilikuwa imo stoo, imefunikwa turubai, lakini ukiipeleka kabla neno halijafafanuliwa unaweza kujikuta umewahi. Akaunda Jopo.

Tulianza na warsha hotelini, penye feni. Tukakubaliana kwa kauli moja kwamba neno ni gumu, tukala samaki. Kisha tukafunga safari ya Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, maana pale pana watu wa mataifa mengi, na neno lenye mizunguko namna hii lazima liwe limepita hapo. Tulimkuta Elyse, mama wa Kikongo, akikaanga mandazi.

"Soon?" akasema. "Baliniambia nitapanda ndege ya Kanada soon. Nilikuya hapa na mutoto kwa mugongo. Ule mutoto sasa iko na ndevu."

Tukaandika: "Matumizi yameenea." Sikupenda jinsi alivyotutazama tukiondoka, lakini hilo halikuwamo katika hadidu za rejea.

Asili yenyewe tuliipata kwenye kamusi nene. Jamani! Waingereza wa kale walipolitamka neno hili walimaanisha papo hapo. Mtu akikuambia anakuja, ujue ameshavaa viatu. Baadaye wakazuka watoa ahadi, karne baada ya karne, wakawa wanalisema huku wamekaa, na neno likalegea mpaka likawa hivi tulivyolirithi. Nilipomsomea Mkurugenzi, alisimama.

"Wenyewe wameshindwa kulitunza!" akasema. "Sisi tutalirudishia heshima yake."

Akaamuru matokeo yazinduliwe kijijini kwa Nakiru, mbele ya waandishi wa habari. Tukapeleka hema, viti vya plastiki, na katoni za maji ya chupa kwa ajili ya meza kuu.

"Kuanzia leo," Mkurugenzi alihutubia, "soon ni papo hapo! Huo ni utafiti, si maneno yangu." Watu wakapiga makofi. Naye, kwa mazoea ya kazi, akamalizia: "Na pampu yenu inakuja soon."

Hapa nakiri kwamba Jopo lilichunguza Waingereza sana, Waturkana kidogo. Huku, mtu akiwa na kitu unamwomba usoni bila kuzunguka, na kunyima mbele ya watu ni aibu itakayokufuata hadi Lokori. Nakiru alifika meza kuu akanyoosha mkono.

"Nakinai ngakipi," akasema. Nipe maji.

Kamera zote zilimgeukia Mkurugenzi. Akatoa chupa akitabasamu. Nyuma ya Nakiru alikuwa jirani yake Akuwam, nyuma ya Akuwam kijiji kizima. Katoni zikaisha. Ile chupa nusu aliyokuwa akiinywea mwenyewe iliombwa na mzee Lomorukai, ambaye alimnywesha mbuzi wake hapo hapo.

Jua lilipoanza kuchoma, Mkurugenzi akaaga. Lakini wazee walikuwa wameketi kwenye vigoda vyao mbele ya magari, wakipiga soga.

"Unaenda wapi?" Nakiru akamuuliza. "Mgeni hapana enda bila kunywa maji. Ni mbaya."

"Lakini maji hakuna, mama."

"Si umesema inakuja? Wewe ndio utakunywa ya kwanza. Kaa."

Wakampa kigoda. Hakuna aliyempandishia sauti. Akina mama walimwimbia hata nyimbo za kumsifu. Waandishi wakapiga picha za jinsi kijiji kinavyomkirimu mgeni wake, na mtu hawezi kukimbia ukarimu akirekodiwa. Kufikia adhuhuri midomo yake ilikuwa imepasuka, na mimi alinitazama kana kwamba nimeficha mtungi ndani ya koti. Hatimaye akampigia simu Jelagat, mtunza stoo wetu Lodwar. Mtandao ulikuwa hafifu, akaweka sauti ya nje.

"Jelagat! Ile pampu ipo?"

"Ipo, bosi."

"Itafika huku lini?"

"Soon, bosi."

Wazee wakamgeukia Mkurugenzi.

"Soon gani?" Mkurugenzi akapiga kelele. "Huku watu wanakufa kwa kiu!"

Nakiru aliwatafsiria wazee, taratibu, neno kwa neno. Hakuna aliyecheka. Lomorukai alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

Gari likaja mbio, na mafundi walimaliza kufunga pampu jua likielekea vilima vya Loima. Mkurugenzi alipewa maji ya kwanza kama alivyoahidiwa. Alipiga magoti, suti na yote, Nakiru akamshikia kibuyu.

"Kunywa polepole," akamwambia. "Wewe umengoja siku moja tu."